Beki Anayekimbiwa: Kwa Nini Ni Vigumu Kutabiri Walinzi Bora wa SEC

Tarehe 1 Januari 2013, katika mechi ya futiboli ya Kimarekani jijini Tampa, jimbo la Florida, kijana wa Chuo Kikuu cha South Carolina aitwaye Jadeveon Clowney alipenya safu ya Michigan karibu bila kuguswa. Akamkuta mkimbiaji Vincent Smith ndiyo kwanza amepokezwa mpira, akamgonga hata kofia ikaruka, kisha akauzoa mpira kwa mkono mmoja. South Carolina walishinda 33 kwa 28, ila matokeo hayo wanayakumbuka wachache. Kilichokumbukwa ni zile sekunde mbili tatu, ambazo televisheni ziliendelea kuzirudia hadi msimu mpya ulipokaribia. Msimu uliokuwa umekwisha, Clowney alikuwa amewaangusha makotabeki, wale warusha pasi, mara 13. Ilipofika Julai, swali la nani angekuwa mlinzi bora wa konferensi ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, mwaka 2013 lilionekana halina haja ya kuulizwa.

Msimu wa 2013 aliwaangusha mara 3.

Na bado, Mei 2014, timu ya Houston Texans ya NFL, ligi ya kulipwa, ilipopata nafasi ya kuchagua mchezaji wa kwanza kabisa kati ya vijana wote wa vyuo Marekani nzima, ilimchagua yeye. Basi nani alikosea? Waliotabiri kuwa angekuwa bora, takwimu zilizosema ameporomoka, au Houston? Nimelizungusha swali hili kichwani kwa muda mrefu, na naamini hakuna mlango mzuri zaidi wa kuingilia mada hii, kwa sababu pande zote tatu zilikuwa na sehemu ya ukweli.

Kwa aliyelelewa na mpira wa miguu, tuweke msingi kwanza. Katika futiboli ya Kimarekani kila upande una wachezaji 11 uwanjani, lakini wanaoshambulia si wale wanaolinda. Mpira ukibadili mikono, kikosi kizima kinatoka na kingine kinaingia. Wenye mpira wana majaribio manne ya kusogea yadi 10, takriban mita 9, na kazi ya walinzi ni kuwanyima yadi hizo. Mbele kabisa hukaa majitu yanayokabana na wazuiaji uso kwa uso, wengine katikati, wengine pembeni. Nyuma yao kuna lainibeka, wanaosoma mchezo na kumfuata mbebaji mpira popote aendapo. Mwisho kuna konabeki, wanaoandamana na wapokeaji pasi kama kivuli, na sefti, walinzi wa mlango wa nyuma. Kotabeki ndiye anayeanzisha kila shambulizi na kurusha pasi. Akiangushwa na mpira ungali mkononi kabla hajarusha, hiyo inaitwa seki, na seki ndiyo sarafu inayowanunulia walinzi umaarufu.

SEC, yaani Konferensi ya Kusini-Mashariki, ilianzishwa mwaka 1932 na makao yake yako Birmingham, Alabama. Vyuo kama Alabama, Georgia, LSU (Louisiana State), Florida na Tennessee hushindania taji lake, na tangu Texas na Oklahoma waingie Julai 2024, idadi imefika 16. Kila Julai waandishi wa habari hukutana kwa siku kadhaa, wakawasikiliza makocha, kisha wakapiga kura kutaja kikosi bora cha konferensi kabla hata mpira haujapigwa. Desemba, msimu ukiwa umekwisha, makocha wenyewe hupiga kura ya tuzo, na kocha haruhusiwi kumpigia mchezaji wake. Kati ya kura hizo mbili ndipo utabiri unapopimwa. Hata katika jambo linaloonekana jepesi zaidi, la kutaja bingwa, waandishi hao wamepata chini ya theluthi moja ya mara tangu mchezo wa fainali ya SEC uanzishwe mwaka 1992. Kumtaja mlinzi ni kugumu kuliko hapo.

Ugumu huo unaanzia kwenye kipimo. Mshambuliaji hupimwa kwa alichofanya: yadi alizokimbia, pasi alizokamata, alama alizofunga. Mlinzi mzuri hupimwa kwa ambalo halikutokea. Wapenzi wa soka wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Kuna beki wa pembeni ambaye mawinga wanamkimbia dakika zote 90, mashambulizi yote yanapitia upande wa pili, na mwisho wa mechi hana hata mpira mmoja alioupokonya wa kuonyesha. Ukimhukumu kwa hesabu ya mipira aliyopokonya utasema hakucheza. Ukweli ni kwamba alifunga nusu ya uwanja.

Mfano ulio wazi zaidi ni Patrick Surtain II wa Alabama. Mwaka 2020, msimu uliopunguzwa na ugonjwa wa korona, makocha wa SEC walimtawaza mlinzi bora wa mwaka. Pasi za wapinzani alizonasa msimu mzima? Moja tu. Mtu anayetabiri kwa kupanga majina kuanzia aliyenasa pasi nyingi hadi aliyenasa chache asingemwona hata kwa darubini. Ila makocha walikuwa wametazama picha za mechi zake usiku na mchana wakitafuta pa kupitia, wakaishia kuwaambia makotabeki wao wasirushe upande ule. Walimpigia kura kwa sababu walikuwa wamemkimbia wao wenyewe. Mwaka 2024, akiwa na Denver Broncos, Surtain akawa mlinzi bora wa NFL nzima.

Mwangalie na Derek Stingley Jr. wa LSU. Alifika chuoni mwaka 2019, na katika msimu wake wa kwanza alinasa pasi 6, timu yake ikawa bingwa wa taifa. Mwaka 2020 hakunasa hata moja. Mwaka 2021 aliumia mguu baada ya mechi tatu. Kwa mtu wa takwimu, huo ni mteremko kutoka mlimani hadi shimoni. Mwaka 2022 akachaguliwa wa tatu katika drafti, ule uchaguzi wa NFL wa vijana wa vyuo. Pasi ya kunasa ni kama samaki mkubwa kwa mvuvi wa ndoano: ustadi unahitajika, lakini samaki naye lazima apite hapo. Lazima kotabeki akosee, tena akosee upande wako. Ndiyo maana mimi sipendi kabisa utabiri unaomweka konabeki juu kwa sababu tu mwaka jana alinasa nyingi. Mwaka wa pasi nyingi mara nyingi ndio unaozaa mwaka wa pasi chache, maana wapinzani nao wana televisheni.

Seki zina afadhali kidogo, ila nazo zina mitego yake. Mwaka 2013, wakati Clowney anahangaika na seki zake 3, Michael Sam wa Missouri alipata seki 11.5 na tuzo ya mlinzi bora wa SEC kutoka kwa waandishi wa shirika la habari la Associated Press. Ile nusu inatokana na walinzi wawili kumwangusha kotabeki kwa pamoja, wakagawana. Seki 9 kati ya zile zilitoka katika mechi tatu tu, tatu kila mechi. Kwa mpiga kura, 11.5 ni 11.5. Maskauti wa NFL, yaani wasaka vipaji, waliuliza swali jingine: zile mechi zilizobaki zilikuwaje? Sam alichaguliwa wa 249, raundi ya saba na ya mwisho. Tuzo hakuipata kwa bahati mbaya, msimu ule alistahili. Lakini aliyetaka kuitumia hesabu hiyo kubashiri mbele alipaswa kuifungua na kutazama ndani, jinsi mama anavyolifungua embe sokoni kabla hajanunua fungu zima.

Kilicho imara zaidi ya seki ni presha, yaani mara ngapi mlinzi amemfikia kotabeki au kumlazimisha akimbie, arushe haraka, aubadilishe mpango wake, hata kama hakuanguka. Seki moja inategemea mambo mengi: mwenzako upande wa pili amemfungia njia au la, kotabeki ni mwepesi au mzito, mpokeaji amechelewa kujiweka wazi au amewahi. Presha inamtegemea zaidi mlinzi mwenyewe. Mlinzi mwenye presha nyingi na seki chache ni mti uliojaa maua. Mwenye seki nyingi na presha chache amekula matunda ya bahati, na ningefikiri mara mbili kabla ya kumwekea jina langu.

Hesabu ya kumwangusha mbebaji mpira ndiyo inayodanganya kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyoendelea kutumiwa. Lainibeka wa timu dhaifu hukaa uwanjani muda mrefu kwa sababu wenzake wa ushambuliaji wanapoteza mpira kila mara, na wapinzani wakiona safu ya mbele imelegea, wanakimbia moja kwa moja kuelekea kwake. Anaweza kuangusha watu zaidi ya 100 kwa msimu, wengi wao wakiwa tayari wamepata yadi sita. Linganisha na Nakobe Dean wa Georgia mwaka 2021. Alishinda Tuzo ya Butkus, ile ya lainibeka bora wa nchi nzima, kwa kuangusha watu 72 katika mechi 15. Mbele yake palikuwa na ukuta, hapakubaki wengi wa kuangusha.

Na tukiisha kuitaja Georgia ya 2021, tukae nayo kidogo, maana timu ile inavunja karibu kila kanuni ya utabiri. Walinzi wake watano walichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya 2022: Travon Walker, Jordan Davis, Quay Walker, Devonte Wyatt na Lewis Cine. Travon Walker alikuwa wa kwanza wa wote, akiwa na seki 6 tu msimu ule. Davis, mwenye uzito wa zaidi ya kilo 150, alikuwa na seki 2, na mara nyingi alipumzishwa pale wapinzani walipolazimika kurusha. Alizoa Tuzo ya Bednarik ya mlinzi bora wa taifa na ile ya Outland ya mtu bora wa safu ya mbele. Kazi yake ilikuwa kuwabeba wazuiaji wawili kifuani ili Dean apite huru. Ukiorodhesha walinzi wa SEC wa mwaka ule kwa takwimu peke yake, hutaiona ile safu ambayo wengi wetu tunaiona bora kupata kutokea katika futiboli ya vyuo. Pale takwimu ziligawanywa kwa watu wengi, kila mmoja akapata kidogo. Na tuzo ya SEC mwaka huo ilikwenda kwa nani? Will Anderson Jr. wa Alabama, mwenye seki 17.5. Hakuna aliyelalamika, na mimi pia silalamiki. Anderson alikuwa wa ajabu.

Hapa ndipo maswali mawili yanapotengana. Swali la kwanza: nani atakuwa mlinzi bora? La pili: nani atapewa tuzo? Watu huyachanganya kila Julai, wakakosea yote mawili. Tuzo ina ladha yake. Inapenda walinzi wa pembeni wenye seki, inapenda timu zinazoshinda, na ina kumbukumbu. Anderson alirudi mwaka 2022 akapata seki 10, pungufu sana ya mwaka uliotangulia kwa sababu kila timu ilikuja na mpango wa kumzuia yeye kwanza, na bado akashinda tena. Alikuwa bora bado, hilo sina shaka nalo. Lakini jina pia lilimbeba.

Kumbukumbu za takwimu zenyewe ni changa kuliko watu wanavyodhani. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilianza kuhifadhi rasmi hesabu za walinzi mwaka 2000. Ndiyo maana rekodi rasmi ya seki kwa msimu ni 24 za Terrell Suggs wa Arizona State mwaka 2002, wakati Derrick Thomas wa Alabama alikuwa na 27 mwaka 1988 zilizobaki nje ya daftari. Kuna jambo jingine linalowapotosha wageni: katika mchezo wa vyuo, yadi zinazopotea kwenye seki hukatwa kwenye yadi za kukimbia za timu iliyoangushiwa kotabeki, tofauti na NFL. Timu yenye seki nyingi huonekana hodari wa kuzuia wakimbiaji kuliko ilivyo kweli.

Kisha kuna suala la nani yuko wapi. Zamani ungeweza kuchukua orodha ya mwaka jana, ukafuta waliohitimu, ukabaki na kitu cha kutegemea. Tangu Oktoba 2018, ulipofunguliwa mfumo wa kielektroniki wa uhamisho, na hasa tangu 2021, mchezaji alipoacha kulazimika kukaa benchi mwaka mzima akihama, orodha hiyo haidumu hata miezi miwili. Sefti Caleb Downs aliangusha watu 107 akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Alabama mwaka 2023. Aliyetabiri mapema kwamba 2024 ni mwaka wake katika SEC alikuwa na kila sababu. Januari 10, 2024, kocha Nick Saban akastaafu, na kabla mwezi haujaisha Downs yuko Ohio State, konferensi nyingine kabisa. Upande wa pili, Texas waliingia SEC wakiwa na konabeki Jahdae Barron, ambaye wachambuzi wa konferensi hiyo hawakuwa wamezoea kumtazama kila wiki. Alihamishwa kutoka nafasi ya ndani kwenda kulinda pembeni, akanasa pasi 5, akashinda Tuzo ya Thorpe ya beki bora wa nyuma nchini. Aliyekuwa akisoma takwimu za jana alikuwa akisoma za nafasi ambayo Barron hakuwa akiicheza tena.

Wakati mwingine mchezaji hukaa palepale na konferensi ndiyo inayohama. Wasomaji wa Uganda watalifurahia hili: Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alikuwa mlinzi bora wa mwaka wa konferensi ya Big East mwaka 2004 akiichezea Boston College. Mwaka uliofuata chuo kile kikahamia konferensi ya ACC, na Kiwanuka akajikuta na wapinzani wapya, wazuiaji wapya, wapiga kura wapya. Mwaka 2006 New York Giants wakamchukua raundi ya kwanza.

Na hata ndani ya konferensi moja ratiba hazifanani. Kwa vyuo 16 na mechi nane za konferensi kwa kila timu, kama ilivyokuwa 2024, mlinzi hukutana na karibu nusu tu ya wenzake. Mmoja anaweza kupangiwa makotabeki wachanga watatu mfululizo, mwingine akapangiwa wazuiaji watakaokuwa NFL mwaka ujao.

Sasa, je, mtu akate tamaa? Mimi nadhani kuna njia, na imejificha kwenye neno moja: jirani. Mlinzi hachezi peke yake, na wapinzani wana watu 11 tu wa kugawa. Wakipeleka wazuiaji wawili kwa mmoja, kuna mahali wamepunguza. Mwaka 2024 jina kubwa kabla ya msimu upande wa seki lilikuwa James Pearce Jr. wa Tennessee, aliyekuwa na seki 10 mwaka 2023. Alimaliza na 7.5, si haba, lakini aliyeongoza SEC ni Kyle Kennard wa South Carolina mwenye 11.5, kijana aliyekuwa amehamia kutoka Georgia Tech. Nini kilibadilika kwake? Mengi, na juhudi yake ni ya kwanza. Ila upande wa pili wa safu ileile alikuwa ametua Dylan Stewart, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwepesi wa kutisha, aliyepata seki 6.5. Mpinzani akawa hana pa kuegemeza msaada. Kennard alipewa tuzo ya makocha, kisha NFL ikamchagua raundi ya nne, huku Pearce akienda raundi ya kwanza. Tuzo na drafti zilikuwa zinajibu maswali tofauti.

Kwa hiyo Julai ikifika, mimi sianzi na orodha ya waliong'ara. Naanza na timu ambazo safu yao ya mbele imerudi karibu yote, kwa sababu walinzi waliokaa pamoja misimu miwili wanajua mwenzao atakwenda wapi bila kutazama. Kisha namtafuta yule anayeogopwa, anayejulikana kwa kila kocha. Huyo namheshimu, ila simwekei matumaini ya hesabu kubwa. Namtazama aliyesimama karibu naye. Kwa makonabeki nafanya vivyo hivyo: timu yenye konabeki asiyerushiwa, mwenzake wa upande wa pili atarushiwa sana, na akiwa na mikono mizuri ndiye atakayenasa. Waliotoka vyuo vingine nawaangalia kwa nafasi watakayocheza kuliko kwa hesabu walizokuja nazo. Na kocha wa ulinzi akiwa mpya, ninafuta nusu ya niliyoandika, kwa sababu kocha anayependa kushambulia kwa lainibeka huhamisha seki kutoka kwa majitu wa mbele kwenda kwa watu wa nyuma yao.

Msimu ukianza, jaribio la kwanza la kila mechi linafundisha kuliko jedwali. Mechi zinazoanza saa tisa na nusu alasiri kule Kusini-Mashariki huwa ni saa nne na nusu usiku kwetu mwezi wa Septemba, muda ambao mtu bado anaweza kukesha kidogo. Usiufuate mpira. Mtazame mlinzi wa pembeni anayeogopwa, uone kama mkimbiaji anabaki upande wake kusaidia kuzuia, kama mtu wa ziada anasogezwa karibu naye, kama mbio zote zinaelekea upande wa pili. Ukiyaona hayo, umeshajua kwamba hesabu zake zitapungua, na huna haja ya kusubiri Desemba. Halafu hamisha macho hatua mbili, kwa yule aliyeachiwa mzuiaji mmoja.

South Carolina ya mwaka 2013 ilimaliza na ushindi 11 na vipigo 2. Wakati wazuiaji wawili wawili wakimwendea Clowney pembeni, mtu wa katikati aliyekuwa akicheza kando yake alipata seki 9.5, nyingi kuliko mwenzake yeyote kikosini. Anaitwa Kelcy Quarles.